Kwa nini wanaweka metali iliyoyeyuka palepale wanapoogopa uchafu?

Swali: "Shikamoo Dokta. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Tabora. Nimesoma kuhusu majaribio ya muungano wa nyuklia kwamba chembe chache za metali zikiingia kwenye plazma zinaipoza, na jaribio zima linaharibika. Makala hiyohiyo mbele kidogo inasema kuna mashine ambazo ndani yake imewekwa lithiamu iliyoyeyuka, tena mahali inapogusana na plazma. Wanafunzi wameniuliza, nimekosa la kusema: huko si kuongeza uchafu? Na je, naweza kufungua betri ya simu iliyokufa niwaonyeshe lithiamu?"

Marahaba, Mwalimu. La betri nalijibu kwanza kwa sababu haliwezi kusubiri: usiifungue. Betri ya simu, hata iliyokufa, ina kimiminika kinachoshika moto na kutoa gesi ya sumu, na bisibisi ikigusanisha tabaka zake umejiwashia moto ambao ni kazi kuuzima. Hata ukinusurika hutapata metali ya kuonyesha, maana lithiamu ya humo imejificha kama ioni ndani ya grafiti na oksidi. Nitakupa onyesho jingine la bei ya chumvi.

Sasa la wanafunzi. Jibu fupi ni ndiyo, ni kuongeza uchafu. Plazma ni gesi moto mno ambayo elektroni zake zimeng'oka kwenye atomi, na muungano ni viini vyepesi kuungana humo na kutoa nishati. Lithiamu ndani ya plazma ya haidrojeni ni uchafu kama mwingine. Lakini ukuta wowote utakaosimama karibu na plazma utatoa uchafu wake, utake usitake. Kilichobaki mikononi mwa mhandisi ni kuchagua uwe uchafu gani, uingie kiasi gani, na uishie wapi.

Washa jiko la gesi, acha moto utulie uwe wa buluu. Chovya ncha ya kijiko cha chuma kwenye maji ya chumvi, kiache kikauke, halafu kiingize pembeni mwa moto. Moto unageuka njano. Yeyote aliyewahi kuacha sufuria ya wali ikafurika anaijua rangi hiyo. Chumvi iliyopanda na moto huwezi hata kuipima kwa mizani ya shule, lakini macho hayaoni tena buluu. Atomi ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi ina elektroni moja ya nje ambayo joto linaipandisha, inashuka na kutoa mwanga, inapandishwa tena, inashuka tena, maelfu ya safari kwa sekunde. Atomi hiyo haiishi wala haichoki. Kila safari inachukua nishati ya moto na kuitupa nje kama mwanga.

Hamishia picha hiyo kwenye tokamaki, ile mashine yenye umbo la tairi inayoshikilia plazma kwa uga wa sumaku. Fueli yake ni deuteriamu na tritiamu, haidrojeni nzito zote mbili. Atomi ya haidrojeni ina elektroni 1 tu, na kwenye joto la mamilioni ya nyuzi elektroni hiyo ilishang'oka zamani. Kiini kilichobaki uchi hakina cha kupandisha wala kushusha. Ndiyo maana katika picha za kamera plazma huonekana inang'aa pembeni, kwenye ubaridi, na katikati ambako ndiko kuna moto wenyewe panaonekana patupu. Tungsteni (watu wa Rwanda na Kongo wanaiita wolframu) ina elektroni 74. Hata kwenye nyuzi milioni 100 inabaki na kumi na kitu zilizokwisha kung'ang'ania kiini, na hizo hufanya kazi ileile ya sodiamu kwenye jiko lako, isipokuwa mwanga wake ni eksirei. Plazma ni nyembamba mno kuizuia. Kwenye ITER, mashine kubwa inayojengwa kusini mwa Ufaransa, plazma itajaza mita za ujazo 840 hivi, na fueli iliyomo kwa wakati wowote haitafika gramu 1. Eksirei ikishatoka imetoka, na nishati yake hairudi.

Kwa sababu hiyo uchafu wa metali nzito unahesabiwa kwa sehemu za elfu kumi. Tungsteni ikikaribia atomi 1 kwa kila 10,000 za fueli, plazma ya kinu cha umeme haiwezi tena kujipasha joto yenyewe, na wabunifu hulenga chini ya hapo. Kaboni unaweza kuivumilia asilimia moja hivi. Lithiamu, zaidi kidogo.

Kuna hasara ya pili ambayo vitabu huipita mbio, nayo ni nafasi. Chaji chanya na hasi ndani ya plazma lazima zilingane, na wingi wa elektroni una kikomo. Kiini 1 cha kaboni kilichovuliwa chote huja na elektroni 6, yaani kimekalia viti vya viini 6 vya fueli. Chukua kaboni 1 kwa kila elektroni 100: fueli imebaki asilimia 94, na kwa kuwa muungano unataka viini viwili vikutane, nguvu inashuka kwa kipeo cha pili, 0.94 mara 0.94, kama 0.88. Lithiamu ya kiwango hichohicho inakalia viti 3, unabaki na 0.94. Ikiongezeka ikawa 5 kwa 100, unabaki na 0.72 tu. Kwa hiyo lithiamu nayo haina ruhusa ya kuingia ovyo. Hesabu hii inatosha kipindi kizima cha kidato cha sita.

Uchafu unatoka wapi? Plazma haielei peke yake bila kugusa kitu. Uga wa sumaku huvuja kidogo, na chembe zinazovuja lazima zitue mahali. Umeona tairi kuukuu zinazoning'inizwa kwenye ukingo wa gati? Boti ikisukumwa na wimbi inasugua tairi, zege linasalimika. Limita ni tairi hiyo. Ni kipande cha kitu kigumu kinachotokeza ndani kidogo kuliko ukuta, ili plazma imguse yeye kwanza na ukuta upone. Mashine kubwa za leo hutumia zaidi divata, ambapo sumaku hukunja ukingo wa plazma na kuupeleka chini kwenye chumba cha pembeni, mbali na kiini cha moto. Lakini hata huko mwisho wa safari ni sahani fulani inayopigwa. Sahani za divata ya ITER zimepangiwa kustahimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na 20 kwa vipindi vifupi.

Ioni ikigonga limita inafanya kama gololi iliyorushwa kwenye rundo la gololi: moja ya zile zilizotulia inaruka. Deuteriamu ni nyepesi, inahitaji nishati ya elektronivolti zaidi ya 200 kuing'oa atomi ya tungsteni, ndiyo maana tungsteni inapendwa. Shida inaletwa na wageni. Ioni za oksijeni au kaboni ni nzito kuliko deuteriamu, zina chaji nyingi, na volteji ndogo inayojijenga mbele ya ukuta huzivuta kwa nguvu zaidi. Uchafu mdogo ndio unaong'oa uchafu mkubwa.

Huu uchafu mdogo niliufahamu kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, kwenye mashine ndogo ya maabara moja, niliingiza kijiti cha vipimo ambacho nilikuwa nimekishika kwa mkono mtupu, mara moja tu, nikikirekebisha skrubu. Kwa siku kadhaa spektromita, kifaa kinachochambua mwanga rangi kwa rangi, ilionyesha mistari ya kaboni na oksijeni ikiwa imesimama wima kama minazi. Alama ya kidole! Tangu hapo sigusi kitu cha ndani ya ombwe bila glavu, na wanafunzi wangu wanajua nikiwaona nitapiga kelele.

Sasa historia kidogo, maana hofu hii haikuanzia kwenye karatasi. Kule Princeton, Marekani, tokamaki iliyoitwa PLT ilianza kazi mwaka 1975 ikiwa na limita za tungsteni. Walitarajia joto lipande kuelekea katikati. Vipimo vikaonyesha shimo: katikati palikuwa baridi kuliko kando. Tungsteni ilikuwa imeng'oka, ikasafiri hadi moyoni mwa plazma na kutulia hapo ikitupa nishati nje kwa eksirei. Wakaziondoa, wakaweka limita za grafiti, na mwaka 1978 mashine ileile ilifika nyuzi milioni 60. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kaboni ikawa ndiyo mkwe wa kila tokamaki.

Mkwe huyo naye ana tabia zake. Kaboni inapenda haidrojeni kikemia. Hulika taratibu ikitoa gesi jamii ya methani, halafu gesi hizo hutua pembeni na kujenga utando mweusi uliojaa fueli. Fueli ikiwa deuteriamu, si neno. Ikiwa tritiamu, ambayo hutoa mionzi na ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12.3, umejenga ghala la hatari ndani ya kuta zako na wakati huohuo umeibiwa fueli adimu. Kwa hiyo JET, mashine ya Ulaya iliyokuwa Culham, Uingereza, ilivuliwa kaboni yote na kuvishwa beriliamu na tungsteni, ikaanza kazi hivyo mwaka 2011. ITER nayo iliacha kaboni kwenye divata ikachukua tungsteni. Tumerudi kwa tungsteni iliyotufukuza miaka ya sabini, safari hii tukiwa na divata na ujanja zaidi wa kuizuia isifike katikati. Na kazi ilifanyika: katika jaribio lake la mwisho la tritiamu, Oktoba 2023, JET ilitoa megajuli 69 kutoka kwenye miligramu 0.2 za fueli, ikiwa na kuta hizohizo.

Mwaka 2013 walifanya jambo hapo JET ambalo naona linafaa kuwa mlango wa jibu lako. Waliyeyusha kipande cha tungsteni kwa makusudi. Walikiweka ukingo wake utokeze kidogo, ukakabili mapigo ya plazma moja kwa moja, wakatazama. Tungsteni huyeyuka kwa nyuzi 3,422, na iliyeyuka. Kimiminika kikasukumwa pembeni na nguvu za sumaku, kikaganda kama nta iliyomwagika kwenye kinara. Ukuta mgumu siku ikiharibika ni metali iliyoyeyuka pia, ila ni ile ambayo hakuna aliyeipangia. Ikiganda vibaya inabaki hivyo hadi mashine ifunguliwe. Hapo ndipo baadhi yetu tunapouliza: kwa nini tusianze na metali ambayo imeshayeyuka, tukaitengenezea njia?

Lithiamu inayeyuka kwa nyuzi 180 tu, chini ya mafuta ya kukaangia. Ukiishika ndani ya kisanduku cha glavu kilichojazwa gesi ya agoni, inakatika kwa kisu kama sabuni ya mche, na uso uliokatwa unang'aa kama fedha. Hewa yenye unyevu ikiupata, unafifia ukawa wa kijivu na kisha mweusi mbele ya macho yako. Ni nyepesi hata inaelea juu ya mafuta ya taa. Kwa plazma, sifa yake kubwa ni namba ya atomi: 3. Elektroni zake zote tatu huvuliwa kabla plazma haijafika hata nyuzi milioni chache, pembeni kabisa. Inang'aa hapo pembeni, kijani kibichi cha nanomita 548.5 kinachotoka kwenye ioni iliyopoteza elektroni moja, na huwezi kukisahau ukikiona kupitia dirisha la mashine. (Kwenye moto wa kawaida lithiamu hutoa wekundu, nanomita 670.8. Rangi hiyo ni ya atomi ambayo haijavuliwa bado.) Ikiingia ndani zaidi imekwisha kuwa uchi, haina safari za kupanda na kushuka. Hasara inayobaki ni eksirei za elektroni zinazopinda njia zikipita karibu na kiini, na hizo hupanda kwa kipeo cha pili cha chaji: 9 kwa lithiamu, 36 kwa kaboni, ukichukua haidrojeni kuwa 1. Ile nishati iliyotupwa pembeni kama mwanga wa kijani na urujuanimno ni faida, kwa sababu inasambazwa kwenye ukuta mzima badala ya kuchoma limita sehemu moja.

Basi mtu atamimina lithiamu kwenye sinia na kuisogeza kwenye plazma? Princeton walifanya hivyo hasa, kwenye mashine ndogo iliyoitwa CDX-U: sinia la duara chini ya plazma, limejaa lithiamu iliyoyeyuka. Walipoelekeza mwali wa elektroni sehemu moja ndogo walitarajia hapo pachemke. Lithiamu ikaanza kuzunguka yenyewe, ikalibeba joto na kulisambaza sinia zima. Lakini sinia lina bahati yake, na mashine kubwa haina. Kwenye tokamaki ya DIII-D huko San Diego waliweka lithiamu kwenye kikombe kidogo ndani ya divata. Mkondo wa umeme ukapita ndani yake, na lithiamu ikarushwa nje ya kikombe.

Hili wape wanafunzi walikokotoe. Mkondo wa ampia 1 kwa kila sentimita ya mraba ni ampia 10,000 kwa mita ya mraba. Uga wa sumaku uwe tesla 2, umekatiza mkondo kwa pembe mraba. Nguvu ni nyutoni 20,000 kwa kila mita ya ujazo. Uzito wa lithiamu kwa ujazo huohuo ni nyutoni 5,200 hivi. Ampia moja kwenye eneo la ukucha, na metali inanyanyuliwa kwa karibu mara nne ya uzito wake!

Dawa ya hili ilitoka kwa Warusi, nayo ninaipenda kwa sababu bibi yangu aliijua: utambi wa kibatari. Mafuta ya taa hayamwagiki kutoka kwenye utambi ukiuinamisha, na hupanda yenyewe kufuata moto. Wakachukua wavu laini wa chuma cha pua, molibdenamu au tungsteni, wenye matundu ya mikromita 15 hadi 30, wakaulowesha lithiamu, sehemu ya chini ikiwa kwenye tangi dogo. Mvutano wa uso wa lithiamu ni karibu nyutoni 0.4 kwa mita. Zidisha kwa 2, gawa kwa nusu kipenyo cha tundu, tuseme mikromita 15: unapata paskali 53,000, nusu ya kanieneo ya hewa. Ile nguvu ya sumaku ya hapo juu, kwenye tabaka la lithiamu la sentimita 1, ni paskali 200 tu. Utambi unashinda bila kutoa jasho. Lithiamu iliyovukizwa au kung'olewa juu inajazwa na nyingine kutoka chini, na uso unajiponya wenyewe mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Wavu wa chini hauungui kwa sababu ileile utambi hauungui ilimradi mafuta yapo.

Limita ya namna hiyo ilijaribiwa kwenye T-11M huko Troitsk, karibu na Moscow, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini. Kisha FTU, tokamaki ya Waitalia pale Frascati, ikaweka yake miaka ya 2005 na 2006. Matokeo yalikuwa ya kuonekana kwa macho: molibdenamu na oksijeni zilipungua kwenye plazma, na wastani wa chaji ya viini ukakaribia 1, kana kwamba kuna haidrojeni peke yake. Lithiamu ilikuwa imeongezwa, na plazma imekuwa safi zaidi. Wanafunzi wako wakishangaa hapo, wape maelezo haya: lithiamu inalamba oksijeni na maji yote yaliyomo ndani ya chombo, na utando wake unafunika metali nzito isiguswe. Mgeni mdogo amewafungia nje wageni wakubwa.

Kuna na hili. Ukuta wa kawaida humrudisha kila mgeni: ioni ya haidrojeni ikigonga inarudi ndani ikiwa gesi baridi, inaupoza ukingo wa plazma. Lithiamu huimeza. Ukingo ukibaki na joto, plazma nzima inatulia, na mwaka 2017 watu wa LTX, mashine ya Princeton iliyorithi CDX-U, walitangaza kwamba joto la elektroni lilikuwa karibu sawa kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa miaka yote tulizoea mlima, wao wakapata meza. EAST ya Hefei, China, imekwenda hatua nyingine na kujaribu limita ambayo lithiamu inatiririka juu yake, ikishuka kwa uzito wake na kurudishwa juu kwa pampu ya sumaku.

Sasa nikueleze kinachoninyima usingizi, kwa sababu wauzaji wa matumaini huishia kwenye aya iliyopita.

La kwanza ni mvuke. Kati ya nyuzi 400 na 500, mvuke wa lithiamu huongezeka zaidi ya mara 30. Juu kidogo ya 450 unakuwa umegeuza limita kuwa bomba la uchafu, na asilimia tano za hesabu yetu ya viti zinafika upesi. Kinu cha umeme kinataka kuta za moto ili mvuke wa maji uzungushe tabo za kufua umeme. Lithiamu inataka kuta za uvuguvugu.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kule kumeza haidrojeni tulikokusifu. Lithiamu inaweza kumeza hadi atomi moja kwa moja. Kilo 7 za lithiamu zinaweza kuficha karibu kilo 3 za tritiamu. Akiba yote ya kiraia ya tritiamu duniani ni makumi machache ya kilo, nyingi zikitoka kwenye vinu vya Kanada. Kuitoa humo kunataka joto ambalo lithiamu yenyewe inavukiza kwa wingi. Tuliifukuza kaboni kwa kosa hilihili, na sioni haki ya kumsamehe mwingine kwa sababu tu anang'aa kijani.

Ndiyo maana wengi wamegeukia bati. Nasema bati lenyewe, si mabati ya paa, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 na kuchemka kwa 2,602, kwa hiyo unaweza kulipasha joto mara mbili ya lithiamu kabla mvuke haujawa tatizo, na halifichi tritiamu kwa kiasi cha kutisha. Ila namba yake ya atomi ni 50. Tumerudi kwenye sodiamu ya jiko la gesi: kidogo tu kikifika katikati utakiona. FTU walikuwa wa kwanza kuendesha tokamaki yenye limita ya bati lililoyeyuka, na plazma haikuharibika. Waholanzi, kwa mashine yao ya Magnum-PSI, wameonyesha kwamba bati likipata joto kali hujitengenezea wingu la mvuke mbele yake, wingu hilo linakula sehemu ya joto kabla halijafika, kama mvuke wa sufuria unavyokuzuia kuweka mkono. Lakini kwenye ASDEX Upgrade, tokamaki ya Garching, Ujerumani, kipande cha tungsteni kilichochapwa kwa printa ya 3D na kujazwa bati kilirusha matone, na eksirei zikapanda. Maabara zinaelekeza kidole kwenye haidrojeni inayoingia ndani ya bati, inatunga viputo, viputo vinapasuka. Uji wa kwenye sufuria unafanya vivyo hivyo, na matone yake nayo hayachagui pa kuangukia.

Galiamu, inayoyeyuka hata kiganjani, ilijaribiwa pia, kwa michirizi inayoshuka ndani ya tokamaki ya ISTTOK mjini Lisbon. Inakula metali nyingi inazogusana nazo. Nimeipita haraka kwa sababu sidhani ina mbele.

Ukinibana niseme nachagua nani, nitakwambia hivi: kwa mashine za majaribio, lithiamu kwenye utambi, kesho asubuhi. Kwa kinu cha umeme, bati, siku tatizo la matone litakapokwisha, na nadhani litakwisha kwa kupunguza matundu ya wavu, maana kiputo hakiwezi kuwa kikubwa kuliko chumba chake. Wenzangu kadhaa wa lithiamu hawatanisalimia wakisoma hapa. Tena, kwa wanafunzi wanaodhani mambo haya ni ya nchi za mbali: kule Manono, mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, ng'ambo ya ziwa, bati lilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, na miamba hiyohiyo ina lithiamu nyingi kweli. Wolframu inachimbwa Rwanda. Jirani zetu wanazo metali zote tatu zinazogombea kiti hiki.

Onyesho la darasani basi liwe kijiko cha chumvi, kisha kibatari. Uwashe kibatari chenye mafuta, wauone utambi ukikaa mzima kwa kipindi chote. Kingine kiwashe kikiwa na mafuta ya kulowesha utambi tu, na usimame karibu nacho.

Atatokea mmoja aulize kwa nini wasitumie zebaki, ambayo imeyeyuka bila kupashwa joto. Yupo kila darasa. Mwambie namba yake ya atomi ni 80, na kwamba kwenye nyuzi 20 tu tayari ina mvuke ambao lithiamu huufikia ikiwa na nyuzi 460 na ushee. Akokotoe viti vilivyobaki.